Cephas Aibiwa Programu

Mliomhurumia Cephas Wangwe Jumapili iliyopita, wekeni akiba ya huruma, itahitajika tena. Na wewe ambaye gazeti la wiki ile lilifungiwa nyama kabla hujalisoma, usijali. Hasara za mtu huyu ni kama mvua za Kisii: ukikosa moja, nyingine iko njiani.

Kwa kifupi, huu ulikuwa mwaka wa tisini na nane. Cephas alikuwa ameacha kufundisha Hisabati na kufungua chuo cha kompyuta mjini Migori, juu ya duka la vitambaa la Osman. Ndani ya chuo hicho hapakuwa na programu hata moja iliyonunuliwa. Zote zilinakiliwa kutoka disketi za rafiki, aliyezinakili kwa binamu yake, aliyezipata anakojua Mungu. Juu ya kila disketi Cephas aliandika kwa wino mwekundu: NAKALA HALISI.

Kisha virusi vikaingia, mashine zikalala, wanafunzi wakahamia chuo cha ushonaji ng'ambo ya barabara. Cephas hakukata tamaa. Alijifungia akaandika programu yake mwenyewe, akaiita Darasa. Unaiingizia alama za mtihani, nayo inajumlisha, inapanga wa kwanza hadi wa mwisho, na kutoa ripoti ya kila mtoto. Kazi iliyowagombanisha walimu wiki nzima, Darasa iliimaliza kabla chai haijapoa.

Shule chache za Migori ziliinunua. Hapo ndipo tulipomwacha, akicheka peke yake kama mtu aliyeuona mwisho wa shida.

Mwisho wenyewe ulipanda ngazi umebeba samaki.

Risper, mkewe, alikuwa ametoka kwao Homa Bay.

"Hongera, Baba Ken," alisema akitua kikapu. "Darasa yako imejaa Homa Bay. Walimu wanaisifu sana."

"Homa Bay? Mimi sijauza Homa Bay."

"Paul anauza."

Paul Ogalo alikuwa kaka yake Risper. Alikuwa na duka la kuchapa barua karibu na soko la Homa Bay, na mdomo uliotosha maduka mengine matatu.

"Paul ameipata wapi?"

"Si alikuja hapa Krismasi? Aliomba, disketi ilikuwa mezani, nikamnakilia."

"Ulimnakilia? Programu yangu?"

"Yawa, Baba Ken! Kila siku nakuona ukinakili za watu. Nilidhani vitu hivyo vinazaana tu, kama kuku."

Cephas aliketi. Alisimama. Aliketi tena.

"Huu ni wizi," alisema. "Wizi wa mchana! Mtu anatoa jasho, mwingine anakuja kuvuna!"

Kwenye kona, Mellen Nyabuto alianza kucheka. Mellen alikuwa ametoka chuo kikuu Nairobi, na Cephas alikuwa amemwajiri awafundishe wanafunzi ambao sasa walikuwa wakijifunza kutia vifungo.

"Mwalimu," alisema Mellen, "na hizi za kwenye mashine zako ulivuna shamba la nani?"

"Usilinganishe. Aliyezitengeneza yuko ng'ambo, hajui hata Migori iko wapi. Mtu asiyekujua utamwibiaje?"

"Kwa hivyo kosa la Paul ni kwamba mnajuana."

Cephas hakupenda jibu hilo, kwa sababu lilikuwa sahihi.

Mellen alikuwa na fikra zake. Alikuwa amerudi na sidii aliyopewa na rafiki, imejaa programu ambazo watengenezaji wake walizigawa bure, tena na matumbo yake nje. Yeyote angeweza kuzifungua, kuona zilivyoandikwa, kurekebisha na kumpa jirani. Alikuwa amemshauri Cephas aiachilie Darasa hivyo hivyo, ili walimu wajuao kidogo waichungulie na kuitengeneza.

"Bure?" Cephas alikuwa amemuuliza. "Mtu mwenye akili timamu afanye kazi miezi mingi kisha agawe? Hao lazima wanatafuta kitu. Pengine ni dhehebu jipya. Migori hapa kitu cha bure ni malaria."

Mtaelewa kwamba Cephas alikuwa mtu wa maoni mengi juu ya teknolojia, na karibu yote yalikuwa na kilema. Simu za mkononi, alisema, hazitafika Migori, kwani nani atataka kupigiwa simu akiwa shambani? Na hiyo barua ya kompyuta, alisema, itapitaje kwenye waya ilhali umeme wetu hukatika kabla hujamaliza kuandika "Mpendwa"?

"Darasa nimeifunga kwa neno la siri," alimwambia Mellen sasa. "Hakuna atakayeona ndani. Na kesho naenda Homa Bay."

"Usimpige kaka yangu," alisema Risper.

"Sitampiga. Nitamwaibisha."

Kesho yake alikuwa Homa Bay, mbele ya kibao kilichosomeka: OGALO KOMPYUTA YA KIMATAIFA. PICHA ZA PASIPOTI, KADI ZA HARUSI, FOTOKOPI.

"Shemeji!" Paul aliruka kutoka kitini. "Karibu, karibu! Mletee shemeji yangu soda! Dada yangu hajambo?"

Dukani mlikuwa na watu. Bibi harusi mtarajiwa alikuwa akibishana juu ya maua ya kwenye kadi yake, katekista akisubiri fotokopi, na walimu wawili wakiangalia skrini. Kwenye skrini palikuwa na maandishi makubwa: DARASA. IMETUNGWA NA PAUL OGALO, MTAALAMU.

"Paul, hii ni nini?"

"Hiyo ni Darasa. Inapanga alama. Unaijua?"

"Naijua? Mimi ndiye niliyeizaa!"

"Omera, ndugu yangu, pole pole," Paul alinong'ona. "Hapa kuna wateja. Na mtoto ni wa anayemlea."

"Umefuta jina langu!"

"Lilikuwa refu, halikukaa vizuri." Kisha akawageukia walimu kwa tabasamu. "Shemeji yangu amechoka na safari."

Cephas alikuwa akiingoja nafasi hiyo. Aliisogelea kibodi, akabonyeza vitufe vitatu kwa pamoja, na skrini ikawa nyekundu. Yalitokea maneno aliyoyaficha humo siku alipoimaliza kazi: MALI YA CEPHAS WANGWE, MIGORI. WEWE MWIZI, AIBU KWAKO.

Katekista alisoma kwa sauti. Bibi harusi alisahau maua. Walimu wawili walimtazama Paul, kisha wakatazamana, kisha wakacheka hadi mmoja akashika ukuta.

Paul alikunywa ile soda yeye mwenyewe.

Ungekuwa wewe ungeridhika hapo, ukachukua kofia yako na kwenda. Lakini Cephas hakuwa ameshinda kitu chochote kwa muda mrefu, na ushindi ulimpanda kichwani kama pombe ya mtu asiyekunywa.

"Mmeona?" alipaza sauti. "Kila mstari ulio ndani ya programu hii nimeuandika mimi! Kila nukta! Huyu hajui hata inavyofanya kazi. Yote, yote ni yangu! Mimi, Cephas Wangwe!"

"Vizuri sana," ilisema sauti mlangoni. "Nimekuwa nikimtafuta mwenyewe."

Aliyesimama hapo alikuwa mwanamke wa makamo, mwavuli mkononi kama silaha. Walimu wawili waliacha kucheka ghafla. Walimjua. Alikuwa Madam Pauline, mwalimu mkuu wa shule moja ya wasichana upande wa Ndhiwa.

"Nilikuja kumkamata Ogalo," alisema. "Yeye ndiye aliyeniuzia."

"Madam," alisema Paul upesi, "mimi ni mchuuzi tu. Mwenye programu huyu hapa. Amethibitisha sasa hivi, watu wote ni mashahidi. Kila nukta, amesema. Kila nukta!"

Katika historia yote ya wizi, haijapata kusikika mwizi aliyerudisha mali kwa haraka namna ile.

Madam Pauline alitoa karatasi ya mtihani kwenye mkoba, akaiweka mbele ya Cephas. Ilikuwa ya Hisabati, kidato cha tatu. Juu, kwa wino wa mwalimu, palikuwa na alama: mia kwa mia. Jina lilikuwa Emmaculate.

"Mwalimu wa Hisabati alikuwa amekwenda kujifungua," alisema Madam Pauline. "Amerudi juzi, kitu cha kwanza akauliza, yule wangu wa mia yuko wapi? Tukatazama ripoti iliyotoka kwenye kompyuta. Unajua inasema Emmaculate alipata ngapi?"

Cephas aliivuta karatasi karibu.

"Kumi. Programu yako imempa kumi. Akawa wa mwisho katika Hisabati. Shuleni kwetu wa mwisho katika somo hilo hurudia darasa, kwa hivyo tukamwambia arudie. Baba yake alikufa, anasomeshwa na mjomba. Mjomba akasema yeye hasomeshi mkia wa darasa. Amemtoa shule, amempeleka kisiwani Remba akauze omena, dagaa wa ziwa."

Katekista alisema kitu kwa Kijaluo, polepole, na hakuna aliyecheka.

"Shemeji," alisema Paul, "waambie mimi niligusa jina la juu tu, hilo hukulifunga. Ndani sijagusa. Nisingeweza hata nikitaka. Umeifunga."

Cephas aliketi mbele ya mashine. Aliandika jina lolote. Kwenye nafasi ya alama alibonyeza moja, sufuri, sufuri. Darasa iliipokea moja, ikaipokea sufuri ya kwanza, na sufuri ya pili ikaiacha nje mlangoni. Kumi.

Alielewa papo hapo. Alipokuwa akiandika programu alikuwa ameitengea kila alama nafasi ya tarakimu mbili. Mbili zilitosha. Alikuwa amefundisha Hisabati miaka mingi Migori na hakuwahi kuona mtoto akipata mia. Hata wazo la mtoto wa namna hiyo halikumpitia kichwani.

Kwa hivyo Darasa ilikuwa salama kabisa kwa wavivu. Ilikuwa salama kwa wa kati, na kwa wale wa tisini na tisa. Ilikuwa imetegwa kwa ajili ya mtu mmoja tu, yule asiyekosa hata swali moja.

"Nini kilitokea?" aliuliza Madam Pauline.

Jibu zuri lilikuwa tayari ulimini: umeme. Umeme ulishuka, mashine ikachanganyikiwa. Hakuna mtu Homa Bay nzima ambaye angebisha. Umeme umebeba dhambi nyingi katika wilaya hizi na haujawahi kulalamika.

"Madam, huu umeme wetu..." alianza.

Macho yake yakarudi kwenye ile karatasi. Mwandiko ulikuwa mdogo, safi, bila kufutafuta. Swali la mwisho, lile la pembetatu ambalo walimu huliweka ili kumnyenyekesha kila mtu, msichana alikuwa amelijibu kwa njia fupi kuliko ya kitabu. Miaka yote aliyosimama mbele ya ubao, Cephas alikuwa akimngoja mtoto huyu. Na alipokuja, yeye ndiye aliyemfungia mlango.

"Si umeme," alisema. "Ni mimi. Programu yangu haijui kuhesabu hadi mia."

Mmoja wa wale walimu wawili alijikohoza. "Sasa sisi tulikuwa tunataka kuinunua..."

"Msinunue."

"Shemeji!" Paul aliugua.

Madam Pauline hakupiga kelele. Aliazima penseli ya katekista, akajumlisha alama za Emmaculate zote hapo kwenye kaunta, nambari juu ya nambari kama watu walivyojumlisha tangu zamani. Kompyuta mbili zilikuwa zikinguruma kando yake. Alipomaliza alipiga mstari chini.

"Wa kwanza," alisema. "Amempita anayemfuata kwa mbali." Kisha akajifanya anafungua mwavuli.

Cephas aliomba simu ya duka, akampigia Osman Migori.

"Osman, niitie Mellen. Haraka."

"Mwalimu, una bahati, leo simu inafanya kazi," alisema Osman. "Mellen! Shuka! Mwalimu analia!"

"Silii!"

Mellen alipokuja Cephas alimweleza yote kwa pumzi moja.

"Kuitengeneza ni kazi ndogo," Mellen alisema. "Nipe neno la siri."

Cephas alitazama huku na huku. Duka zima lilikuwa limetega masikio.

"Tajiri," alinong'ona.

"Sijasikia."

"Tajiri! Neno la siri ni tajiri!"

Bibi harusi alificha uso kwenye kadi zake.

"Sawa," alisema Mellen, na Cephas alijua anauma midomo asicheke. "Nikishaitengeneza nitaitoa wazi, na matumbo yake, kwa kila anayeitaka. Walimu waione ndani. Labda kuna kosa jingine."

"Bure?"

"Ulitaka kuwauzia dawa ya sumu uliyowauzia?"

Cephas alifumba macho. Miezi yote ile. Nyumba aliyokwisha kuijenga kichwani, hadi rangi ya mabati.

"Itoe," alisema, akakata simu.

Asubuhi iliyofuata walivuka kwenda Remba kwa boti ya injini kutoka Mbita, Cephas, Madam Pauline, na Paul. Paul hakutaka kuja. Alisema ana kadi za harusi. Madam Pauline alimwelekezea mwavuli, Paul akapanda.

Remba ni kisiwa ambacho mtu akinyoosha mkono dirishani anachota uji wa jirani. Vibanda vya mabati vimebanana hadi majini. Waliuliza, wakaelekezwa upande omena inakoanikwa, na huko walimkuta Emmaculate amepiga magoti kwenye wavu, akigeuza vidagaa kwa mikono. Alikuwa mwembamba, kitambaa kichwani, na magamba yaking'aa hadi viwikoni.

Alimwona mwalimu wake mkuu akasimama kwa mazoea, mikono nyuma.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba, mwanangu. Tumekuja kukuchukua. Kulikuwa na makosa. Wewe ndiye wa kwanza."

Emmaculate hakutabasamu.

"Huyu ndiye aliyetengeneza kompyuta," aliendelea Madam Pauline. "Mwambie, Mwalimu."

Cephas alimweleza. Hakuificha ile habari ya tarakimu mbili. Alitarajia machozi, au matusi, au hata shukrani. Msichana alimsikiliza hadi mwisho kama mtu anayekagua hesabu ya mwenzake.

"Nimeelewa," alisema. "Wewe hukutegemea kwamba mtu anaweza kupata mia."

"Sikutegemea."

"Wewe hukunijua." Alimgeukia Madam Pauline. "Lakini Madam, wewe ulinijua tangu kidato cha kwanza. Nilikuja ofisini kwako na karatasi yangu mkononi. Hukuitazama, nikaiacha mezani kwako. Ulisema mashine haina sababu ya kunichukia."

Mwavuli ulimshuka Madam Pauline mkononi.

"Nilisema hivyo," alikiri. "Nisamehe, Emmaculate."

Upepo wa ziwa ulipita na harufu ya samaki. Paul alianza kutazama viatu vyake.

"Mjomba amekwisha kuzungumza na mwenye boti mmoja," alisema Emmaculate. "Analeta sukari nyumbani kila wiki. Hiyo sukari haikuletwa kwa ajili ya mjomba, ni ya posa yangu. Nikirudi shule, mtakuja kuzungumza na wote wawili?"

"Nitazungumza nao leo," alisema Madam Pauline, na mwavuli ukapanda tena.

"Na mimi nitakuwepo," alisema Cephas. Alihisi kifua kikifunguka kidogo. Kwa mara ya kwanza tangu aachane na chaki, alifikiri huenda jambo likaisha vizuri.

"Basi ngoja nioshe mikono," alisema Emmaculate. Lakini hakwenda. Alikuwa akiwaza, na Cephas aliyaona macho yale yakifanya kazi. "Mwalimu, programu hii iko shule ngapi?"

Cephas alimtazama Paul.

"Nilizouzia nazijua," alisema Paul.

"Na nyingine?"

"Shemeji, nyingine wamenakiliana wenyewe. Mwalimu anampa mwalimu. Kuna mtu wa Suba alichukua disketi akazunguka nayo visiwani na bara. Takawiri, Mbita, sijui wapi. Waliolipa nawajua. Walioiba ndio siwajui."

"Kwa hivyo hamuwezi kuwafikia," alisema Emmaculate.

Cephas alikuwa akizihesabu shule kichwani na kila alipofika mahali zilizidi kuongezeka.

Kwenye wavu wa jirani, msichana mwingine alikuwa ameacha kugeuza omena muda mrefu. Alivaa sketi ya kijani iliyopauka, sketi ya shule, ila si shule ya Madam Pauline. Alisogea karibu, akijipangusa mikono mapajani.

"Samahani," alisema. "Hiyo kompyuta mnayoizungumzia. Inaitwa Darasa?"

Cephas aliitikia kwa kichwa.

"Yangu ilikuwa Kemia," alisema msichana.

Kisha akavigeukia vibanda vya mabati, akaweka viganja mdomoni, akaita jina moja, na jingine, na jingine.